Kuku Mpole wa Patrice

Patrice hakuwahi kutoa kitu kizima maishani mwake. Nasema hivyo kwa sababu mimi ni jirani yake hapa Baraka tangu tuliporudi kutoka ukimbizini ng'ambo ya ziwa, na kati ya nyumba zetu kuna ua wa miyenzi tu, ambao hauzuii macho wala masikio. Mtaa mzima unamwita mtu wa kutoa. Kanisani kwao amepewa cheo cha président wa kamati ya matoleo, na ukimwita Patrice bila cheo hicho mbele ya wageni anakohoa kidogo mpaka ujirekebishe. Lakini mimi nimeona kinachotoka katika nyumba ile. Kitu kikianza kuharibika mkononi mwake, ndipo moyo wake unalainika.

Boga likiingia funza, linapelekwa kwa mchungaji. Kazi ya Patrice ni kuchaji betri za taa za wavuvi, na siku moja alimpa shemeji yake betri bure, kwa hotuba ndefu. Shemeji akafika katikati ya ziwa, taa ikazima, akarudi kwa kupapasa. Patrice alipomwoza binti yake Nadège kule Fizi, aliwapelekea wakwe mbuzi mwenye utepe mwekundu shingoni. Mbuzi alikuwa akikohoa kabla ya utepe, akakohoa na utepe, na akafa utepe ukiwa bado mpya. Wakwe walisema asante, wangesema nini kingine?

Maana kwetu zawadi ina heshima yake, na zawadi ya kuku kuliko zote. Ukiletewa kuku hai, humgeuzi mbele ya aliyemleta. Humfungui mdomo, humtazami chini ya mkia, wala humpimi uzito mkononi. Kumgeuza ni kumwambia mgeni wako kwamba ni mwizi. Na akiwa ni kuku wa asante ya shamba, yaani mtu uliyemkopesha ardhi alime amevuna na anakushukuru, humchinji siku hiyo. Mke wa nyumba anampokea kwa mikono miwili na kumwachia katikati ya kuku wake, mgeni akitazama, ili ajue kwamba sasa mmekuwa watu wa nyumba moja. Ni desturi nzuri, naipenda. Ila Patrice aliishi ndani yake kama funza ndani ya boga.

Mke wake ni Espérance, mama Nadège, rafiki yangu. Huyo ni mtu mwingine kabisa, na mpaka leo sijaelewa ni dhambi gani aliyotenda mpaka akapewa mume yule. Espérance alifuga kuku kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, na hawakuwa kuku wa sokoni. Mama yake alianza nao kule kambini Nyarugusu, miaka ya ukimbizi, akawatunza mpaka alipofariki na kuzikwa kulekule. Siku ya kurudi, watu walibeba magodoro na mabati. Espérance alivuka ziwa na tenga mapajani, ndani yake jogoo mmoja na mtetea mmoja. Kaburi la mama yake liko Tanzania, hana njia ya kwenda kulipalilia. Kuku ndio aliobaki nao. Aliwaita "bakuku ya mama", na akitaja neno hilo sauti yake ilikuwa inashuka.

Mimi mwenyewe sifugi kuku. Nakausha ndagala, dagaa wa ziwa letu, uwanjani kwangu, na kuku na ndagala hawakai pamoja. Lakini mtetea wake mmoja alipotaka kuatamia na kelele za vijana wa betri wanaofika kwa Patrice zikamsumbua, nilikubali akalie mayai ndani ya chumba changu cha mizigo. Hilo lilikuwa kabla ya mambo haya yote, na nitalirudia.

Hapo nyuma kidogo watu wa chanjo ya kuku walipita mtaani na sanduku lao la barafu. Kuku walikuwa watiwe tone moja jichoni, basi, kazi ya dakika chache. Patrice aliwapokea kama maaskofu. Aliwatafutia viti, akawatambulisha kwa majirani mmoja mmoja, akatoa neno la shukrani kwa niaba ya mtaa, la pili kwa niaba ya kanisa, la tatu kwa niaba ya familia yake. Alipomaliza, barafu ilikuwa maji na dawa ilikuwa ya kutupwa. Wale watu walisema watarudi. Hawakurudi, na ningekuwa mimi nisingerudi pia.

Kiangazi kikaja, maharagwe yakavunwa, vumbi likapanda. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nageuza ndagala nikasikia Espérance ananiita kutoka upande wa pili wa ua.

"Mama Willy. Usikuje huku. Simama palepale."

"Juu ya nini?" nikauliza sababu.

"Kuku moja iko mugonjwa. Iko inasimama peke yake karibu na ukuta. Nimemwaga unga, benzake bote balikimbilia, yeye hata hakuangalia."

Nilichungulia. Alikuwa mtetea mkubwa, amejivimbisha manyoya na kuvuta shingo ndani, na jua lilikuwa kali la kutosha kumfanya kila kiumbe atafute kivuli. Bawa moja lilining'inia. Macho yalifumba, yakafumbuka nusu, yakafumba tena.

"Nimefungua mudomo yake," Espérance akasema. "Ndani iko ute. Anapumua na mudomo wazi. Na mavi yake ni maji, rangi ya kijani. Kule Tanzania balikuwa banaita kideri."

"Dawa yake?"

"Haina dawa. Dawa ilikuwa ile ya jicho, yenye iliharibika juu ya maneno ya président." Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonikasirisha mimi. "Sasa ni kutenga hii na kulinda ingine. Na ile yenye iko kwako, usiilete huku hata nikikuomba. Na we usiingie kwangu. Viatu yako vitabeba ugonjwa."

Nilikaa kwenye ua kumtazama, ndagala zikaungua kidogo, sijali. Alimbeba yule mgonjwa mbali, nyuma ya choo, akamfunika kwa tenga na jiwe juu, akamwekea bakuli la maji la peke yake. Kandambili alizokuwa amevaa akaziacha hukohuko. Akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni. Wazima akawafungia kibandani na chakula chao, vyombo vyao akavichemshia maji, kinyesi akakikwangua chote na kukichoma, kisha akamwaga majivu chini. Alifanya yote hayo peke yake, bila kulalamika, na mumewe alikuwa barabarani akiwaeleza vijana wa betri jinsi dunia inavyokwenda.

Patrice aliporudi alimtazama kuku chini ya tenga kwa muda mrefu. Namfahamu mtazamo ule. Ndio mtazamo alioutumia kwa boga.

"Iko na usingizi tu," akasema. "Na kesho ni siku ya matoleo."

"Apana, baba Nadège. Hii haitoke hapa. Haiuzwe, haipewe mutu, hailiwe. Ikikufa naichoma na kuizika chini sana. Hii inaua ingine."

"Sawa, mama."

Patrice akikubali haraka namna hiyo, ficha sahani yako. Espérance alijua, lakini amezoea kumwamini kwa sababu bila kumwamini angeishije naye?

Jumapili asubuhi alikwenda bombani kuteka maji. Mimi nilikuwa misa ya kwanza, maana mimi ni Mkatoliki na wao ni Waprotestanti. Niliporudi nilimkuta amesimama karibu na ua na bidoni, dumu lake la maji, bado kichwani. Nyuma ya choo tenga lilikuwa limegeuzwa chini juu.

"Ameibeba," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa Mungu."

Nilimwambia akimbie kanisani, aseme, amnyang'anye kuku kama ni lazima. Alishusha bidoni polepole. "Nikisema kule mbele ya bantu, bwana yangu atakuwa wa kuchekwa. Nitasema hapa nyumbani. Nitamutuma kwa yule atakuwa ameinunua, amuambie aizike." Nilikasirika naye, sikumficha. Mtu anamlindia aibu mume ambaye mwenyewe haijui.

Yaliyotokea kanisani nilisimuliwa na Anastasie, aliyekuwa benchi la pili na hana tabia ya kuongeza chumvi. Baada ya ibada, matoleo ya mazao hupigwa mnada nje ya mlango, na anayepiga mnada ni nani kama si président. Kulikuwa na mihogo, ndizi, malenge, na kuku kadhaa waliofungwa miguu wakipiga kelele zao zote. Patrice aliuza vyote hivyo kwa haraka. Halafu akamwinua kuku wake mwenyewe, amemfunga utepe mguuni, waya wa buluu aliouchuna kwenye betri.

"Bapendwa," akasema, "muangalie hii kuku. Ingine zote zinapiga kelele mupaka ndani ya nyumba ya Mungu. Hii imetulia. Muone vile imefunga macho, utasema iko inaomba. Hii ni kuku mupole, kuku ya heshima. Hii si ya kula tu. Hii ni kuku ya kupelekea mutu mukubwa."

Sijui kama kuna ugonjwa mwingine uliowahi kusifiwa vizuri hivyo. Hakuna aliyeomba kumgeuza, maana kama hugeuzi kuku wa jirani, utageuzaje kuku wa sadaka? Na kule nyuma kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anatafuta kuku wa kumpelekea mtu mkubwa, siku hiyohiyo. Akapandisha bei mpaka wengine wakanyamaza, akapewa.

Patrice alirudi amefurahi. Espérance alimngoja mlangoni.

"Nani amenunua?"

"Mama moja hivi."

"Mama gani?"

"Mama ya kitenge."

Kitenge. Nilitamani kuruka ua. Kanisa lilikuwa limejaa wamama, na nitajie asiyevaa kitenge. Espérance alimuuliza sura, urefu, mtaa, mtoto mgongoni au hapana. Patrice hakuwa ameona lolote. Aliona mkono wenye pesa. Akasema kichwa kinamuuma, akaingia kulala.

Sasa nieleze kuhusu Gordien. Ni Mrundi, mkimbizi wa kambi ya Mulongwe, na msimu ule alikuwa amelima shamba la Patrice la upande ule, shamba la urithi ambalo Patrice mwenyewe hajaligusa kwa jembe tangu nimfahamu. Makubaliano yalifanyika uwanjani kwa Patrice, yeye kwenye kiti, Gordien kwenye gogo. Mke wa Gordien, Cassilde, ndiye aliyepalilia shamba lile tangu mwanzo mpaka mavuno, na alikuwa amekaa palepale siku ya makubaliano, kwenye mkeka. Patrice hakumtazama hata mara moja. Kwa nini amtazame, hakuwa na cheo.

Alasiri ile Gordien alifika na Cassilde, wamevaa vizuri, kapu la maharagwe kichwani, na kitu kilichofunikwa kitambaa mikononi mwa mama. Patrice aliposikia neno asante kichwa kikapona. Alitoka, akakaa kwenye kiti chake, akawaita watu wa nyumba za jirani waje wasikie, akanipungia hata mimi. Nilibaki kwenye ua, kama nilivyoagizwa.

"Président," Gordien akasema, amesimama, "shamba yenye mulitupatia imetulisha. Tumekuja na aksanti. Kuku zetu bado ni bidogo, hazifai kuleta mbele yako. Kwa hiyo mama alitafuta ingine leo asubui kule kanisani. Mwenyewe mulisema ni kuku ya kupelekea mutu mukubwa. Sisi hapa Baraka mutu mukubwa yenye tunajua ni we tu."

Cassilde akatoa kitambaa. Shingo tupu, macho yamefumba, waya wa buluu mguuni. Kichwa kilikuwa kimeanza kujipinda upande, jinsi inavyokuwa ugonjwa ukishafika mbali.

Nilimtazama Patrice. Nakiri nilifurahi, lakini kwa muda mfupi sana, kwa sababu baadaye nilimtazama Espérance. Alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, mikono chini, na mkono hata mmoja haukuinuka kupokea. Hakumtazama kuku. Alimtazama mumewe. Neno moja lilitosha. Aseme tu, samahani ndugu zangu, huyu alitoka kwangu, ni mgonjwa, ni kosa langu. Watu wangecheka wiki moja, halafu wangesahau. Espérance alingoja neno hilo, na nyuma yake, kibandani, wale wazima walikuwa wanagombania unga.

Patrice alitazama majirani, akatazama kiti chake, akakohoa.

"Mama Nadège, pokea."

Hakupokea.

"Mama iko muchofu," Patrice akawaambia wageni, akitabasamu. Akainuka mwenyewe. Akampokea kuku kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kwa heshima zote, akakifungua kibanda alichokimwagia mkewe majivu jana yake, akamwachia ndani. Akapiga makofi. Majirani nao wakapiga makofi. Kuku alikwenda hatua chache, akaanguka kwa ubavu.

"Labda njia imemuchosha," Gordien akasema, ameona aibu.

"Njo vile," Patrice akajibu. "Njia."

Espérance alimtoa yule kuku mara wageni walipotoka barabarani, akamchinja, akamchoma na kumzika. Akaosha upya, akachemsha upya, akamwaga majivu upya. Lakini wazima walikuwa wamekwisha kuchanganyika naye. Walianza mmoja mmoja, manyoya yakivimba, macho yakifumba, na kabla ya Jumapili nyingine kibanda kilikuwa kimya. Wote alichoma na kuzika mwenyewe nyuma ya choo. Hakulia mpaka jogoo alipokufa, jogoo ambaye ni wa kizazi cha yule aliyevuka ziwa. Siku hiyo alikaa chini na jembe magotini akalia kwa sauti, na mimi nililia upande wangu wa ua kwa sababu alikuwa amenikataza kuvuka.

Mngedhani mtu kama Patrice angenyamaza hapo. Mimi pia nilidhani, na nimemfahamu miaka yote hiyo. Watu walipokuja kumpa pole kwa ajili ya kuku, alikuwa amekaa pale kwenye betri zake, akitikisa kichwa.

"Ni ile kuku ya bakimbizi," akawa anasema. "Zetu zilikuwa zima kabisa. Unamupatia mutu shamba, yeye anakuletea kifo ndani ya nyumba."

Habari ikatembea. Bombani wamama walianza kuvuta bidoni zao kando Cassilde alipofika. Watu wakasema Warundi wamekuja na ugonjwa kutoka kwao, na kila aliyekufiwa na kuku mtaani, hata aliyegongewa na pikipiki, alisema ni ileile. Gordien alikuja kuomba msamaha. Hakuingia uwanjani, alisimama nje na kofia mkononi, akasema hawakujua, wangejua wasingeleta, mke wake hajala tangu aliposikia.

Patrice alimsamehe. Nilisikia kwa masikio yangu. Alimwekea mkono begani mbele ya vijana wa betri na kumwambia kwamba mkristo hashiki hasira. Halafu akamwambia kwamba msimu unaokuja shamba atampa mtu mwingine, si kwa ubaya, ila watu wanasema.

Espérance alikuwa jikoni, mlango wazi. Alisikia kila neno la msamaha ule. Baadaye alikuja mpaka kwenye ua, akauliza jambo moja tu.

"Kuku yangu iko namna gani?"

"Ametotoa. Vifaranga ni wazima, na wanakula ndagala zangu."

"Uniwekee. Mupaka batoto yake bajue kujitafutia."

Nikamwekea. Hakupita mtu yeyote aliyetoka uwanja wa Patrice bila kuosha miguu kwa maji ya majivu kwenye mlango wangu, hata Espérance mwenyewe. Kiangazi kikaisha. Mvua za kwanza zikaja na watu wakaanza kunoa majembe, na Gordien alionekana akizungukazunguka kwa wenye mashamba, akirudi mikono mitupu.

Jumapili ya kubariki mbegu, kanisa lao linajaa kuliko Krismasi. Espérance alikuja kwangu asubuhi, ameoga, amefunga kilemba. Akamchukua mtetea wake, wa mwisho katika wale wa mama yake, akaniachia vifaranga. Nilikwenda misa yetu, nikatoka kabla ya baraka, Mungu anisamehe, nikaenda kusimama nje ya mlango wa kanisa lao pamoja na wapita njia.

Ibada ikaisha, mabenchi yakatolewa nje, mnada ukaanza. Patrice alikuwa na sauti nzuri siku hiyo. Espérance akatoka katikati ya wamama, kuku mkononi, na Patrice alipomwona uso wake ukang'aa kwa sababu alidhani ni toleo lao.

"Leta, mama, leta," akasema, akanyoosha mikono.

"Hii haiuzwe," Espérance akasema. "Hii ni ya Cassilde."

Cassilde alikuwa nyuma kabisa, peke yake kwenye nafasi ambayo watu watatu wangeenea. Hakuinuka. Espérance alimfuata mpaka pale alipokaa na watu wakageuka wote.

"Pokea. Lakini kwanza umugeuze."

"Apana, mama," Cassilde akasema, amefunika mdomo. "Siwezi. Ni zawadi."

"Umugeuze mbele ya bantu. Mi sitakasirika." Akaishika mikono ya mwenzake kwa mikono yake, akamwonyesha. "Angalia macho. Iko wazi, haina maji. Fungua mudomo, ndani haina ute. Inua bawa, inarudi yenyewe. Sasa chini ya mukia. Iko safi? Useme basikie."

"Iko safi," Cassilde akasema.

"Njo vile kuku muzima iko. Ile yenye ulinunua hapa haikuwa hivi, na hakuna mutu alikuambia uigeuze." Espérance sasa aliwageukia watu, na sauti yake haikupanda. "Ile ilikuwa yangu. Ilitoka kwangu ikiwa mugonjwa. Nilikuwa nimeifungia nyuma ya choo, na bwana yangu alijua. Bakimbizi hawakuleta ugonjwa. Balinunua ugonjwa wetu hapa mulangoni, kisha bakaturudishia na aksanti."

Hakuna aliyekohoa isipokuwa Patrice.

"Mama Nadège," akasema, "hiyo tutazungumuza nyumbani."

"Nyumbani nilisema," Espérance akajibu. "Ile siku nilisema nyumbani."

Basi. Alirudi kwenye nafasi yake, na wamama wa benchi lake wakasogea kumpisha, halafu mmoja akainuka akaenda kukaa karibu na Cassilde, halafu mwingine. Mchungaji alimtazama Patrice na kumuuliza, kwa upole ambao mimi nisingeuweza, "Président, na shamba?" Na Patrice, mbele ya watu wote hao, alijibu kwamba shamba hakuwahi kulichukua, alikuwa anataka tu kumfanyia Gordien mshangao siku ya leo. Mtu huyo hakaukiwi na maneno.

Gordien analima shamba lile mpaka sasa. Yule kishingo yuko Mulongwe, ana ukoo wake, na Cassilde amekwisha kumletea Espérance jogoo mmoja wa uzao ule, ambaye walimgeuza pamoja hapa kwenye ua wangu, wakicheka. Vifaranga wamekuwa kuku na bado wako kwangu. Espérance anasema uwanja wake ukae kwanza bila kuku, na mimi nimeacha kuhesabu ndagala zangu.

Kuhusu Patrice, cheo alibaki nacho, maana hakuna mwingine anayependa kusimama juani na kupiga kelele. Bado anapenda kutoa. Lakini akipita mtaani na kuku mkononi, hata akiwa kuku mzima kabisa amemnunua sokoni, wamama wanamsimamisha.

"Président," wanamwambia, "geuza tuone."

Naye anageuza.